Binti yangu amejichora na nywele za manjano ili afanane na Myahudi

Shangazi shikamoo,

Naandika hii usiku, mtoto ameshalala na mume wangu yuko kazini mpaka asubuhi, kwa hivyo maneno yakipishana naomba univumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, niko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Nimeolewa na Myahudi. Hakuna mtu alinilazimisha kuingia dini yake, niliingia mwenyewe kwa miguu yangu, nilisoma na rabi zaidi ya mwaka, nikasimama mbele ya watu watatu wakanihoji, nikazama kwenye maji ya mikva, lile bwawa la kujitakasa, mara tatu, nikatoka na jina la Kiebrania. Hiyo yote ilikuwa kabla binti yetu hajazaliwa, manake yeye ni Myahudi tangu tumboni, hata marabi hapo hawana swali. Sasa ana miaka saba. Ni mtoto wa kuongea, anapenda vitabu kuliko katuni, na kila Jumapili asubuhi anaenda darasa la watoto pale sinagogi yetu.

Jumapili ya juzi mwalimu aliwasomea kitabu cha familia inakaribisha Sabato, mama anawasha mishumaa, mkate uko mezani umefunikwa na kitambaa. Alafu akawaambia kila mtu achore familia yake Ijumaa jioni, ndo Sabato inaanza. Binti yangu akaniletea picha yake kwa gari akiwa na furaha kabisa. Baba amechorwa vizuri na ndevu zake. Mimi niko kahawia, na kile kilemba changu cha kitenge. Katikati yetu kuna msichana ana nywele ndefu za manjano zimenyooka mpaka kiunoni na uso wake umepakwa ile kreyoni ya rangi ya pichi. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema ni mimi. Nikamwambia lakini nywele zako si hivyo, akanijibu tu bila wasiwasi, "Hapo ni Ijumaa mami, Ijumaa nafanana na Myahudi."

Shangazi niliendesha gari sioni barabara.

Jioni akaniambia mengine polepole, kwamba kuna mvulana alimuuliza kama sisi tulimchukua tu tukamlea, na mwingine akamwambia Wayahudi hawako hivyo, akafungua kitabu akamwonyesha. Yaani ushahidi ulitoka kwa kitabu!

Usiku huo nikakaa chini mbele ya shelfu yake nikafungua vitabu vyake vya Kiyahudi kimoja kimoja. Viko 34, karibu vyote amepewa na mama mkwe wangu, na vingine vilikuwa vya mama mkwe mwenyewe akiwa mdogo, kurasa zimekuwa za njano. Watoto wote ni wale wale. Ama wako New York ya zamani, ama wako kijiji cha Poland na theluji na mbuzi. Nusu ya vitabu ni Hanuka, ile sikukuu ya mishumaa. Vile vya Maangamizi ya Wayahudi kule Ulaya nilikuwa nimeshaviweka juu kabatini mpaka akue. Hakuna msichana mmoja amesukwa nywele. Sikupata hata mtoto mmoja anang'oka jino tu kama watoto wengine na ni Myahudi. Nikalia, nikavitia vyote kwa katoni nikaviweka gereji.

Kosa likaanzia hapo. Wiki hii mama mkwe akaja, akaona shelfu tupu, akauliza. Nikamwambia ukweli kwamba nimevitoa kwa sababu vinamfanya mtoto ajikatae. Hakugombana. Alinyamaza, akasema baadhi ya vile vitabu ndo kitu kilibaki cha mama yake, akachukua koti akaenda nyumbani hata chai hakumaliza. Mume wangu anasema nilikosea kutomwambia kwanza. Na mama yangu mzazi, nilipompigia simu nipate faraja, akaniambia si nilikwambia, dini ya watu ni ya watu, mrudishe mtoto kanisani, Wayahudi wa kwenye Biblia wanatosha.

Sasa nauliza. Nirudishe vile vitabu? Niende kwa mwalimu ama nitaonekana ni yule mama mweusi wa kulalamika? Ama ni mimi ndo namfanya mtoto aone rangi wakati yeye hakuwa anaona? Na hivi vitabu vyenye mtoto kama wangu viko wapi, ama havipo?

Mama Binti, Marekani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena mchana, na ile picha nimeiona kama vile nimeishika mkononi. Mimi nimefundisha darasa la pili kwa miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii na nakwambia kitu nilichokiona kwa macho yangu, mtoto wa miaka saba hachori uongo. Anachora alichofundishwa. Kwa hiyo swali lako la kwamba ni wewe unayemfanya aone rangi tuliweke pembeni mapema, yeye alishachagua kreyoni kabla hujafungua mdomo. Ulichofanya wewe ni kuuliza tu, na ulipaswa kuuliza.

Nianze na mama mkwe, manake hapo naona ndo kuna mlango na wewe umeufunga.

Kuna mama mmoja wa Kiyahudi wa New York aliitwa Sydney Taylor. Alizaliwa 1904, wazazi wake wahamiaji, mtaa wa watu wa kipato cha chini, nyumba imejaa mabinti. Alipokuja kuwa mama mwenyewe alikuwa na binti mmoja tu, Jo, na huyu Jo siku moja akamuuliza mama yake mbona kila kitabu cha watoto ninachosoma mtoto wa humo ni Mkristo, mbona hakuna cha mtoto wa Kiyahudi. Umesikia hilo swali mwanangu? Ni swali la binti yako. Aliyeuliza alikuwa mtoto mweupe wa Kiyahudi, katikati ya New York, na alikuwa hajioni kwenye vitabu. Mama yake hakuwa na kitabu cha kumpa, basi usiku akawa anamsimulia utotoni kwao, yeye na dada zake, sokoni, maktaba, Sabato, sikukuu, baba na biashara yake ya makorokoro. Baadaye akaziandika akaziweka tu ndani. Mume wake ndiye aliyezituma kwenye mashindano bila kumwambia, zikashinda, kitabu kikatoka 1951, na mpaka leo kuna tuzo ya vitabu vya watoto wa Kiyahudi inayotolewa na chama cha maktaba za Kiyahudi Marekani, ina jina lake.

Sasa fikiria mama mkwe wako. Kwa hesabu yangu ni mtu wa kizazi hicho hicho au kinachofuata tu. Vile vitabu vilivyokuwa njano kwake havikuwa urembo wa shelfu. Shuleni huenda kila Desemba alisoma habari za mti wa Krismasi na kuimba nyimbo zisizo zake, kisha akarudi nyumbani kwenye hivyo vichache vyenye mtoto anayefanana na yeye. Mama yake akimnunulia kitabu kimoja cha namna hiyo alikuwa anamwambia upo, unaonekana, huna haja ya kujificha. Ndo maana aliviweka, ndo maana akampa mjukuu. Alikuwa anampa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonacho, ila hakujua kwamba kwa mjukuu huyu kitabu kile kile kinasema maneno ya kinyume.

Kwa hiyo ndiyo, vitoe gereji. Virudishe, na umwombe radhi mama mkwe, sio kwa ulichokiona, kwa ulichokiona uko sahihi kabisa, bali kwa kuvifungia bila kumwambia mwenye navyo. Lakini usiende mikono mitupu. Nenda na ile picha. Usimhutubie, mwekee mezani umwambie mjukuu wako amejichora hivi na alisema maneno haya, mwambie kama alivyoyasema, Ijumaa nafanana na Myahudi. Kisha nyamaza. Naamini katika watu wote wa ukoo huo yeye ndiye atakayeelewa haraka kuliko hata mumeo, manake mumeo alikulia kwenye vitabu ambavyo tayari vipo na hajui njaa hiyo. Na akishaelewa, mpe kazi. Bibi anayependa kununua vitabu akijua anatafuta nini, shelfu itajaa kabla hujamaliza kunywa chai.

Na atafute nini? Hapa nataka nikae kidogo manake ndo nimekuwa nikisoma juzi na jana.

Yule mtoto aliyesema Wayahudi hawako hivyo, amedanganywa na yeye pia. Si mtoto mbaya. Amepewa dirisha moja la nyumba kubwa akaambiwa hiyo ndo nyumba. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wa lugha ya Yidishi na theluji na mbuzi wa kwenye vitabu vyenu, ni tawi moja, kubwa, na Marekani ndo lililofika kwa wingi, basi waandishi na wachoraji wakatoka huko. Lakini nenda Israeli, karibu nusu ya Wayahudi wa kule asili yao ni Iraki, Moroko, Yemeni, Uajemi, nchi hizo. Watu wa Yemeni walisafirishwa kwa ndege 1949 na 1950, karibu 50,000, wengi wao walikuwa hawajawahi kuona ndege maishani. Kuna waliofukuzwa Hispania 1492 wakaenda na Kihispania chao, wakakitunza miaka mia tano kikawa Ladino. Kuna wa India, Bene Israel, pwani karibu na Mumbai, kazi yao ilikuwa kukamua mafuta, na majirani waliwaita wakamua mafuta wa Jumamosi kwa sababu Jumamosi hawakamui. Nikawaza kitabu cha picha cha mtoto wa wakamua mafuta, ng'ombe amepumzika, kinu kimenyamaza, jirani anashangaa. Mtoto yeyote angekipenda hicho.

Na Ethiopia, mwanangu. Beta Israel, watu weusi waliotunza Sabato na Torati milimani huko karne na karne. Mei 1991 ndege zilibeba zaidi ya 14,000 kutoka Addis Ababa kwenda Israeli ndani ya kama saa 36 tu, kwenye nyingine walitoa viti wakakalishana sakafuni. Wana sikukuu yao inaitwa Sigd, siku hamsini baada ya Siku ya Upatanisho, wanapanda mlimani na kufunga na kusoma Torati, jioni wanakula. Israeli iliitambua kuwa sikukuu ya taifa 2008. Muulize mwalimu wa binti yako kama iko kwenye kalenda ya darasa. Muulize kwa upole tu, nitarudi kwa mwalimu.

Hata sisi wa Kiswahili tuna la kusema hapo. Wasomaji wangu wa Lubumbashi, kule Kongo, wanajua sinagogi ya mji wao, ilijengwa karibu 1930 wakati mji unaitwa Elisabethville, na Wayahudi wengi waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, watu wa Ladino, wakafanya biashara kwenye mji ambao Kiswahili ndo lugha ya sokoni. Baba yake Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wa Kongo, alikuwa mmoja wa hao watu wa Rhodes. Ndugu zao waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wajerumani Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz, na karibu wote hawakurudi. Hii nakwambia wewe mtu mzima, kwa binti ingoje kwanza, umefanya vizuri kuweka vile vitabu juu. Ila usiviache viwe ndo kitu pekee atakachosoma akifika miaka kumi. Nimewahi kuona shelfu za shule ambazo mtoto wa Kiyahudi yupo kwa sababu mbili tu, kuwasha mishumaa ya Hanuka au kuuawa. Ulichosema wewe kuhusu jino lililong'oka kimenigusa sana. Mtoto anahitaji kujiona akiwa anatafuta kiatu, akiwa amegombana na rafiki, akiwa na mbwa, na Ijumaa inafika tu kwa sababu Ijumaa hufika.

Sasa kuhusu mama yako Bungoma.

Mwambie hivi, mama, hiyo dini ya watu iko hapo nyuma ya Mlima Elgon. Avuke Malaba, apite Tororo, afike Mbale, aulize Abayudaya ni wapi, ataonyeshwa. Hata hilo jina hahitaji kutafsiriwa, ni Wayahudi kwa Kiganda. Na waliowazunguka ni Wagisu, ambao Mbukusu hawezi kuwaita wageni, nyie mna ukoo na mna jando moja. Historia yao ilianza na Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kule mashariki ya Uganda, akakorofishana nao, akajifungia na Biblia, na karibu 1919 akatahiriwa yeye na wanawe akatangaza kwamba wao ni Wayahudi. Hakuna Mzungu aliyemwendea kumhubiria. Alisoma Agano la Kale mwenyewe akasema basi tufuate hiki kilichoandikwa. Akafa 1928 na watu wake wakaendelea. Ikaja enzi ya Idi Amin, dini yao ikapigwa marufuku, sinagogi zikafungwa, wengi wakahama dini kwa woga, wakabaki mia chache tu waliokuwa wakisali kwa siri. Leo wako zaidi ya elfu mbili, wanaimba zaburi kwa Kiganda na Kiebrania, rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akapata urabi 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge. Na wengi wao walipita kwa marabi na mikva 2002, kama ulivyopita wewe, ijapokuwa walikuwa wameshika dini miaka mingi kabla ya hapo. Upande wa Kenya napo kuna jamii ndogo, Kasuku, kule Nyandarua.

Nakuomba kitu kimoja. Likizo ijayo mkija nyumbani, mchukue binti, mchukue na kukhu wake, bibi yake wa Bungoma, mwende Mbale Ijumaa mlale huko mpaka Jumamosi jioni. Tuma ujumbe kabla, usivamie watu siku yao. Aone mama mwenye kilemba cha kitenge kama chako anawasha mishumaa. Aone wasichana wa umri wake wamesukwa na wanaimba nyimbo anazozijua. Hapo ndo utaona kama mama yako atarudia yale maneno ya kanisani, na akirudia ni haki yake, ila atakuwa amekaa nao mezani.

Kabla ya safari kuna kitabu, na ndo jibu la swali lako la mwisho. Vipo. Vichache, lakini vipo, na zaidi ya zamani. Shoshana Nambi amelelewa kwenye jamii hiyo ya Abayudaya, akaenda kusomea urabi, na 2022 akatoa kitabu cha picha kwa Kiingereza kinaitwa The Very Best Sukkah, kinahusu Sikukuu ya Vibanda kijijini Uganda, watoto wanajenga vibanda na kuna mashindano ya nani kajenga kizuri. Nakipenda kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayeulizwa wewe kweli ni Myahudi. Wote ni Wayahudi, wote ni weusi, na tatizo lao ni la kibanda. Mtumie mama mkwe jina la hicho kitabu leo usiku. Na kama hamjajiandikisha PJ Library jiandikisheni, ni mpango ulioanza Massachusetts 2005, unatuma vitabu vya watoto vya Kiyahudi nyumbani bure, mtoto akiwa na miaka kumi na mbili au chini. Sio kila kitakachokuja kitakuwa na sura ya binti yako. Lakini wanasikiliza wazazi, na wewe hauko peke yako. Pew, shirika la utafiti la Marekani, walitoa utafiti 2021 ukasema katika kila Wayahudi watu wazima 100 wa Marekani, 8 hivi sio Wazungu, na kwa walio chini ya miaka 30 ni 15. Hawa 15 ndo wanazaa sasa hivi mwanangu. Darasa la binti yako litabadilika, swali ni kama vitabu vitachelewa.

Ukichagua kitabu nakupa kipimo changu cha darasani. Soma kurasa zote kisha jiulize, huyu mtoto mweusi wa Kiyahudi yupo afanye nini? Kama kitabu kizima anajieleza, anaulizwa, analia, mwisho anakubaliwa, kiwe kimoja basi, sio vyote, manake mtoto akisoma hivyo kumi ataanza kuamini maisha yake ni kesi. Na akiwa amewekwa tu nyuma ya picha ya kundi, wa tatu kutoka kushoto, hana jina, hicho wala usikihesabu.

Mwalimu sasa. Nenda. Kuonekana mlalamishi ni hofu ninayoijua lakini kaa kimya na Jumapili ijayo kitabu kile kile kitafunguliwa tena kama ushahidi. Usiende mlangoni watoto wakivaa makoti, omba dakika ishirini siku nyingine na uende na mumeo, yeye ni baba na hili ni lake pia. Onyesha picha. Sema mambo machache yanayoweza kufanyika: vitabu vya namna hii viingie kwenye shelfu ya darasa na visomwe siku za kawaida na sio mwezi mmoja wa mwaka, Sigd ifundishwe, na akisikia mtoto anamwambia mwenzake wewe sio Myahudi asimame hapo hapo. Na kataa jambo moja, binti yako asigeuzwe mwalimu. Asiambiwe simama utueleze wewe unatoka wapi. Yeye anatoka hapo mtaani kama wenzake.

Na kwa lile la Wayahudi hawako hivyo, mwalimu ana silaha ndani ya dini yenyewe, sijui kama amezikumbuka. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, kwenye sehemu ya Bava Metzia, inakataza kabisa kumkumbusha mtoto wa walioingia dini matendo ya wazee wake. Inaiita dhuluma ya maneno na inaiweka pamoja na kumdhulumu mtu kwenye biashara. Na wewe uliyekulia Bungoma unajua Hesabu 12 kuliko mimi. Miriamu alimnena Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi aliyemwoa, akapigwa ukoma, mweupe kama theluji, akatolewa nje ya kambi siku saba na Israeli yote ikasimama ikamngoja. Ruthu alikuwa Mmoabi na ndiye bibi mzaa babu yake Daudi. Ulipotoka kwenye yale maji uliitwa binti wa Ibrahimu na Sara, mwanangu, hukupewa uraia wa Poland.

Nimebakiza picha yenyewe. Usimrekebishe. Usimwambie chora tena vizuri, atajifunza tu kwamba amekosea mara mbili. Mnunulie kreyoni zile zenye rangi nyingi za ngozi, ziweke mezani bila hotuba. Na usiku, mwambie hadithi. Anza na wewe, kama Sydney Taylor alivyoanza na yeye mwenyewe, mwambie juu ya msichana wa Bungoma aliyekuwa anachota maji, akasafiri mbali, akapenda sauti za watu wakiimba Ijumaa jioni mpaka akabisha hodi. Mwambie jinsi maji ya mikva yalivyokuwa na jinsi ulivyotoka. Hajawahi kuisikia hiyo hadithi yote, naamini, kasikia vipande. Na mwambie za nyumbani kwenu, mnapokaanga mandazi usiku wa Hanuka, manake sikukuu ile ni ya mafuta na mandazi ni mafuta, hakuna kilichokosewa. Kuhusu ugali wakati wa Pasaka mtabishana na mama mkwe, wenye asili ya Ulaya Mashariki kwa desturi hawali mahindi wiki ile na wengine wengi wanakula, ila marabi wa tawi la Conservative Marekani waliruhusu tangu mwisho wa 2015, basi kama nyie ni wa upande huo msalimie na habari hiyo. Andikeni kitabu chenu wenyewe, karatasi tano, yeye achore, wewe uandike mstari mmoja kila ukurasa, Kiswahili juu na Kiingereza chini. Mama mkwe ashone mgongo wake kwa uzi. Kikae kwenye shelfu ile ile, katikati ya vile vya njano.

Ile picha ya nywele za manjano iandike tarehe kwa nyuma uiweke mahali pa usalama. Akiwa mkubwa ataitaka.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe. Baada ya kuongea naye niandikie.

Shangazi